Mazoea yanayoila akili kimyakimya: mwongozo kamili wa kuyabadili, kwa watu wa Unguja na Pemba

Mtu akiulizwa kitu gani kinaharibu akili, hutaja bangi, unga na mashetani. Mara chache atataja kahawa ya baada ya isha, simu iliyolala chini ya mto, au mchango wa harusi uliotolewa kwa pesa ya kukopa. Hata hivyo mazoea kama hayo, ambayo hayana aibu wala hakuna anayeyakemea, humsogeza mtu kidogokidogo kwenye wasiwasi, hasira za karibu na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Maradhi ya akili yana sababu nyingi: urithi, msiba, umasikini, mateso ya utotoni, maradhi ya mwili. Nyingi kati ya hizo mtu hana uwezo nazo. Mazoea ya kila siku ndiyo sehemu aliyoishika mkononi, na mwongozo huu unahusu sehemu hiyo tu.

Tunashauri kuanza na usingizi, kwa sababu karibu kila zoea jingine lililotajwa hapa hupitia usingizini kabla ya kufika akilini. Aliyelala vibaya huona maneno ya kawaida kuwa matusi, huahirisha kazi, hutafuta kahawa na sukari, na usiku hukesha tena.

Wiki ya kwanza: daftari tu

Chukua daftari dogo la skuli. Kila asubuhi andika mambo matano: saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulipitiwa na usingizi, saa uliyoamka, saa ya kikombe cha mwisho cha kahawa au chai jana, na hali ya moyo kwa namba, 0 ikiwa mbaya kabisa na 10 njema kabisa. Wiki hiyo usijirekebishe chochote, andika tu.

Wengi hawana subira ya hatua hii. Hubadili mambo sita kwa mpigo, hasa mwanzo wa mwaka au Ramadhani, kisha moja likishindikana huyaacha yote. Na hata wakipata nafuu hawajui ni lipi lililowafaa. Badili zoea moja, lipe wiki mbili, angalia namba za daftari, ndipo uende kwenye jingine.

Usingizi

Hesabu ya visiwani ni nyepesi kwa kuwa tuko jirani na ikweta: alfajiri haisogei sana mwaka mzima, iko karibu na saa 11. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kwa hiyo mtu mzima anayeamka saa 11 alfajiri awe ameshalala saa 4 usiku. Tunasema ameshalala, kujinyoosha kitandani na simu mkononi hakuhesabiki.

Anza kwa kufunga saa ya kuamka. Usingizi haulazimishwi, lakini kuamka kunawezekana. Chagua saa moja na uishike kila siku kwa wiki mbili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukichelewa kuamka, kusizidi dakika 60. Usiku wa tatu au wa nne mwili utaanza kudai kulala mapema wenyewe.

Baada ya swala ya alfajiri usirudi kitandani. Jua likichomoza toka nje, dakika 15 hadi 30 zinatosha: fagia uwanja, nenda kachukue mkate, tembea. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndio unaoipanga saa ya mwili, na usiku unaofuata usingizi huja kwa wakati wake. Anayerudi kulala hadi saa 3 asubuhi huwa ameupunguza usingizi wa usiku ujao, halafu saa 6 usiku anagaragara na kuuliza ana maradhi gani.

Kuna joto. Kwenye kaskazi, Disemba hadi Machi, chumba cha bati au cha dirisha dogo hakilaliki, na umeme ukikatika feni inasimama. Mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo ulale. Oga saa moja kabla ya kulala. Shusha mkeka sakafuni chini ya dirisha, chandarua ukining'inize hapo hapo kwa misumari minne. Lowesha kitambaa uweke shingoni na nyayoni. Ni mambo madogo, lakini mtu akipata usingizi usiokatika kwa joto, siku yake hugeuka.

Ukiwa kitandani na dakika kama 20 zimepita bila usingizi, inuka. Usitazame saa, kisia tu. Kaa chumba kingine au ukumbini, taa hafifu, fanya jambo lisilosisimua: nyiradi, kukunja nguo, kusuka ukili. Usingizi ukirudi, rudi kitandani. Hatua hii wengi huiona ya ajabu, lakini sababu yake ni ya wazi: akili hujifunza mahali. Ukilala macho kwa muda wa saa tatu kila usiku ukifikiri deni, kitanda chenyewe kinakuwa mahali pa kufikiri deni, na ukikigusa tu moyo unaanza kwenda mbio.

Usingizi wa mchana una faida ukiwa mfupi: dakika 20 hadi 30, uishe kabla ya alasiri. Unaolalwa baada ya alasiri, na hasa ule wa magharibi, hula njaa ya usingizi wa usiku.

Ramadhani ina hesabu yake. Baada ya tarawehe lala moja kwa moja hadi daku, kisha ongeza usingizi mmoja wa dakika 90 baada ya adhuhuri. Kukesha hadi daku na kulala mchana kutwa huivuruga saa ya mwili, na Idi ikishapita huchukua siku kadhaa kurudi sawa.

Wavuvi wa dagaa, ambao hutoka usiku wa giza na kupumzika kwenye mbalamwezi, pamoja na walinzi na wafanyakazi wa zamu mahotelini, hawawezi kufuata saa 4 usiku. Kwao kanuni ni hii: wawe na muda wa saa nne au tano wa kulala asubuhi usioguswa kamwe, chumba kiwe kiza kwa kanga nzito dirishani, na watu wa nyumba waambiwe kwamba saa hizo ni sawa na usiku wa manane. Kisha walale tena kabla ya kutoka, hadi jumla ifike saa 7. Mvuvi anayeamshwa saa 4 asubuhi kwa sababu "jua limeshatoka" hataacha kuwa mkali kwa watoto.

Kahawa na chai

Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, na kwa mjamzito huchelewa zaidi. Aliyekunywa barazani saa 2 usiku, saa 7 usiku bado ana nusu yake damuni. Huenda akasinzia, na ndiyo maana hubisha kuwa kahawa haimfanyi kitu. Lakini usingizi wake ni mwepesi na ataamka amechoka. Zaidi ya hapo, kafeini huendesha moyo mbio, hutetemesha mikono na kubana kifua, dalili zile zile za wasiwasi. Mwenye wasiwasi akizihisi hudhani balaa linakuja, na woga huo unaongeza dalili.

Kiwango kinachokubalika kwa mtu mzima mwenye afya hakizidi miligramu 400 kwa siku, na kwa mjamzito 200. Kikombe kikubwa cha chai ya rangi kina miligramu 40 hadi 50. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80. Kahawa ya baraza haina kipimo kimoja, kila muuzaji na buni yake na muda wake wa kuchemsha, hivyo ni bora kuchunga saa kuliko vikombe: cha mwisho kiwe kabla ya saa 8 mchana.

Usikate ghafla. Mtu wa vikombe 8 ashuke hadi 6 kwa siku tatu, 4 kwa siku tatu, kisha 2 na abaki hapo. Anayekata kwa mpigo huanza kuumwa kichwa kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, maumivu huwa makali siku ya kwanza na ya pili, na yanaweza kuendelea hadi siku 9, pamoja na hasira na moyo mzito. Hapo ndipo penye siri ya ugomvi mwingi wa mwanzo wa Ramadhani, ambao lawama yake hupewa njaa. Anza kupunguza katikati ya Shaabani.

Baraza lenyewe usiliache. Kukaa na watu kunakufaa. Chukua kashata na glasi ya maji, au omba tangawizi isiyotiwa majani. Nyumbani chemsha mchaichai.

Jambo moja kwa wanawake hasa: chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma. Acha saa moja ipite baada ya kula. Upungufu wa damu huleta uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kukosa hamu ya jambo lolote, na mtu anaweza kuchukuliwa kuwa ana sonona kumbe anahitaji chuma. Kabla ya kukubali kwamba ni mawazo tu, omba kipimo cha wingi wa damu.

Vidonge vya kulazimisha usingizi

Piriton ni dawa ya mzio. Wapo wanaoimeza kila usiku ili walale kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka la dawa. Husinzisha kweli, lakini asubuhi huacha kichwa kizito, na baada ya siku chache mwili huizoea. Valium, dawa ya kutuliza, ni hatari zaidi: ndani ya wiki chache mtu anaweza kuwa mtumwa wake, na akiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu anaweza kupata kifafa. Usipokee kidonge cha jirani. Ukiwa umeshazoea, usijikatie mwenyewe, nenda hospitali upangiwe namna ya kushuka kidogokidogo.

Simu

Kuna watu wanaolaumu mwanga wa kioo. Mwanga una sehemu yake, lakini kwa maoni yetu kinachokesha watu zaidi ni yaliyomo: mabishano ya siasa kwenye kundi, picha za harusi ya mwenzio, video ya ajali. Vifurushi rahisi vya usiku navyo vinamfanya mtu aone anapata hasara akilala.

Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Nunua saa ya mezani ya kengele, ili kisingizio cha kuamshwa na simu kiondoke.
2. Chaji simu nje ya chumba cha kulala. Kama nyumba ni chumba kimoja, iweke juu ya kabati, mahali pa kusimama ndipo uifikie.
3. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Utaokoa bando, na picha za maiti za ajali hazitakujia tena bila kuzitaka.
4. Nyamazisha makundi yote isipokuwa la familia ya karibu na la kazi. Kujitoa kunaleta maneno. Kunyamazisha hakuna anayejua.
5. Habari zisome mara mbili kwa siku, kwa saa unazozichagua, na isiwe baada ya isha.

Hatua ya 2 ndiyo inayoshinda watu. Wengi hudumu siku tatu, kisha mgonjwa analazwa au mtoto yuko safarini, simu inarudi kitandani na haitoki tena. Kwa dharura acha sauti ya simu ya kupigiwa iwe juu na ujumbe uwe kimya. Mwenye dharura atapiga.

Muhali

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi ya afya ya akili imeandikwa kwa watu wasioishi kwa muhali, ile haya ya kumkatalia mtu, na hushauri tu "sema hapana." Huku hapana kavu inavunja udugu. Lakini kukubali kila kitu nako kunavunja mtu: unachangia harusi nne kwa mwezi, unamdhamini binamu mkopo, unakubali wageni wakati huna unga, unakopa kwa simu ili usionekane umepungukiwa, halafu usiku unahesabu dari. Deni ni miongoni mwa mambo yanayofuatana sana na sonona na wasiwasi, na deni la muhali ni gumu zaidi kwa sababu hata kulilalamikia ni aibu.

Kwanza tenga fungu. Mshahara au mapato ya mwezi yakiingia, toa sehemu ya michango na misaada kabla hujaombwa na yeyote. Mwenye mapato ya shilingi 300,000 anaweza kutenga 30,000. Ziweke mbali na pesa ya chakula. Zikiisha, mwezi huo michango imeisha. Faida yake kubwa ni kwamba jibu unakuwa unalo kabla hujaulizwa, na huamui ukiwa umetazamwa usoni.

Pili, usijibu papo hapo. "Nipe mpaka kesho nitazame" haimkosei mtu heshima.

Tatu, jibu kwa kiasi na kwa tarehe. "Ami, nakuheshimu na ningependa nikutoe, lakini laki siiwezi. Elfu kumi hii hapa, pokea." Au: "Shangazi, mwezi huu mkono mtupu. Tarehe tano nikipata nitakuletea mwenyewe elfu ishirini." Kisha nyamaza. Makosa ya kawaida ni kuongeza visingizio, maana kila kisingizio humpa mwombaji nafasi ya kukitatua: ukisema gari limeharibika, atakwambia fundi wake yupo.

Kumdhamini mtu mkopo ni mlango mwingine. Dhamana ni deni lako ambalo bado hujaanza kulilipa. Ukubali tu kiasi unachoweza kukipoteza bila watoto kulala njaa.

Muhali wa kazi za nyumbani nao upo, na huwaangukia zaidi wanawake. Aliyejifungua hutunzwa kwao kwa arubaini, kisha anarudi kwake na siku ya pili anatarajiwa apike, afue na kupokea wageni. Mama anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, au asiyehisi kitu kwa mtoto wake, kwa wiki mbili mfululizo, anahitaji hospitali. Kumwambia ashukuru kwa kuwa amepata mtoto kunamfungia mlango wa kusema.

Kunyamaza nalo

Mtu anaweza kukaa barazani kila jioni, akacheza dhumna, akacheka, na asiwe amemwambia yeyote lililo moyoni kwa mwaka mzima. Mazungumzo ya mpira na siasa hayalipunguzi.

Chagua mtu mmoja asiyechukua maneno. Mwambie mapema unataka nini: "Nina jambo linanikera. Sitaki ushauri, nisikilize tu dakika kumi." Bila ya hilo, msikilizaji ataanza kutatua. Ukiwa wewe ndiye unayesikiliza, epuka "wenzako wana makubwa zaidi" na "imani yako imeshuka." Uliza "lilianza lini?" na "usiku unalalaje?"

Asiye na mtu atumie karatasi. Kila siku baada ya alasiri, kaa dakika 15 uandike yote yanayokutia hofu. Mbele ya kila moja andika kama lina hatua unayoweza kuifanya wiki hii. Lenye hatua, andika hatua na siku. Lisilo na hatua, liache kwenye karatasi. Wasiwasi ukikujia usiku, uambie una saa yake kesho. Siku za mwanzo haisaidii sana. Baada ya wiki mbili wengi huona mawazo yanangoja zamu.

Mwili, tumbaku na mengineyo

Lengo ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kipimo cha wastani: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Anza na dakika 10 kwa siku na uongeze 5 kila wiki. Unguja vikundi vya mazoezi vipo tele, na kila Januari 1 huonekana barabarani. Pemba milima yenyewe inatosha.

Sigara, kuberi na tambuu yenye tumbaku huonekana kutuliza. Kinachotulia ni kiu ya nikotini iliyoletwa na ile ya mwanzo, na baada ya muda mfupi inarudi. Bangi, hasa kwa anayeanza akiwa kijana na kuvuta kila siku, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili. Kwa walioingia kwenye unga, yaani heroini, kuna matibabu ya methadoni, dawa inayotumiwa badala yake, katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja.

Wakati wa kwenda hospitali

Ikiwa moyo umekuwa mzito au hamu imekufa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na kazi au nyumba imeanza kuharibika, mazoea peke yake hayatoshi. Vilevile ukisikia sauti wasizosikia wengine, au ukipitisha siku kadhaa bila kulala wala kuchoka.

Mtu akitaja kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa vidonge, dawa ya wadudu na kamba, na umpeleke hospitali usiku huo huo.

Unguja kuna Hospitali ya Kidongo Chekundu na Mnazi Mmoja. Pemba anzia hospitali ya Chake Chake, Wete, au Abdalla Mzee iliyoko Mkoani. Dua, kisomo na kombe havigombani na dawa. Hatari huja mgonjwa anapoambiwa aache vidonge, anapopigwa au kufungwa minyororo, hapo mtoe.

Nenda na daftari lako, na majina ya dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, na mtu mmoja unayeishi naye, kwa sababu yeye ameona ambayo wewe huyaoni. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 6 kuonesha kazi, na madhara madogo kama kichefuchefu huja kabla ya nafuu; wengi huacha katika siku hizo hizo. Ukishapona, kwa kawaida huendelea nazo angalau miezi 6. Anayetumia lithiamu, dawa ya kuzuia hali ya moyo isipande na kushuka kupita kiasi, asifunge Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari, kwani mwili ukikauka maji dawa hiyo hupanda damuni hadi kuwa sumu. Usitoke chumbani kwa daktari kabla ya kujua dawa inaitwaje, unaimeza saa ngapi, na unarudi tarehe ngapi.